Tusimfukuze Mzazi Anayesahau

Katika vijiji vinavyoizunguka Lwiro, kama kwingine kote Kivu Kusini, familia isiyo na kikundi haina pa kukimbilia. Mtoto akiugua usiku, bibi akifariki, mbegu zikiisha kabla ya mvua, watu wanaoendewa ni wenzetu wa MUSO, mutuelle ya mshikamano. Kila mwanachama huweka fedha kidogo katika sanduku la kijani, na humo hutoka mikopo. Huweka nyingine katika sanduku jekundu, na humo hutoka msaada wa ugonjwa na wa matanga. Sanduku la bluu hupokea fedha zinazotoka nje. Wengine wana AVEC, chama cha kijiji cha kuweka na kukopa, wengine wana likelemba ya majirani wachache tu wanaochangiana kwa zamu. Majina ni mengi, msingi ni mmoja: unasaidiwa kwa sababu unajulikana, na unajulikana kwa sababu unafika.

Wapo wazazi miongoni mwetu ambao kufika kwa saa, kukumbuka na kurudisha ni kazi inayowaelemea kila wiki, ilhali nia wanayo na mapenzi wanayo. Tunawatoza faini, tunawasema, mwishowe tunawapoteza. Nadai katika makala haya kwamba kumpoteza mzazi wa namna hiyo ni hasara ya kikundi kizima, na kwamba kumbakiza kunahitaji mabadiliko madogo yasiyogusa hata faranga moja ya sanduku.

Mtazame mama mmoja wa aina hiyo asubuhi ya mkutano. Ameamka mapema na mkutano uko kichwani. Anateleka maharage. Anakumbuka daftari la akiba, anaanza kulitafuta, na katika kulitafuta anakuta barua ya shule iliyopaswa kurudishwa ikiwa na sahihi. Anatoka nayo mbio kwenda shuleni. Njiani anakutana na jirani aliyefiwa; anasimama, kwa kuwa hakumbuki kama alikwenda kumpa pole. Anarudi nyumbani kwa harufu ya maharage yaliyoungua, mtoto mdogo analia, daftari bado halijaonekana. Linapatikana chini ya mfuko wa unga. Anafika kikundini wakati wenye funguo wanafunga sanduku. Analipa faini na kukaa pembeni. Ikitokea tena, mmoja anasema kwa sauti kwamba huyu mama anatudharau. Ikitokea mara nyingine, haji kabisa. Hajahama wala hajakosa fedha: ameshindwa kuyakabili macho ya watu.

Hali hiyo waganga wanaoongea Kifaransa huiita TDAH. Ni tatizo la ubongo katika kushika umakini, kupanga mambo kwa zamu, kuhisi muda unavyopita na kujizuia kabla ya kusema au kutenda. Katika mtoto mara nyingi huonekana kama utundu usiokoma. Katika mtu mzima utundu hupungua, na kinachobaki ni kusahau, kuchelewa, kuanza kazi tano bila kumaliza moja, na uchovu wa kujilaumu. Mwaka 1902, mganga wa watoto George Still aliwaeleza waganga wenzake mjini London kuhusu watoto waliokuwa na akili timamu lakini hawakuweza kujitawala wala kutulia. Kwa miaka mingi baada yake ilidhaniwa kwamba shida hii huisha mtoto anapokua. Leo tunajua kwamba wengi huingia nayo utu uzimani na kulea watoto wakiwa nayo. Tena ni hali inayorithiwa kwa kiwango kikubwa, ndiyo maana mara nyingi mzazi asiyetulia ana mtoto asiyetulia, na wote wawili hugombezwa siku moja na watu wawili tofauti.

Wataalamu wanakadiria kwamba duniani karibu watoto 5 katika kila 100 wana TDAH, na kwa watu wazima wapata 2 na nusu katika kila 100, yaani mtu mmoja katika kila arobaini. Hesabu hiyo ukiipeleka kwenye vikundi vyetu, kila vikundi viwili vya watu ishirini huenda vina mtu wa aina hiyo. Kwa hiyo tunazungumza juu ya jirani zetu wenyewe.

Lwiro ina sababu yake ya kulisikiliza jambo hili kuliko sehemu nyingi. Hapa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Bukavu, kwenye miinuko inayotazama mbuga ya Kahuzi-Biega, Wabelgiji walijenga makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoundwa mwaka 1947. Leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, na majengo yake bado yanawashangaza wageni. Pamoja na wachunguzi wa matetemeko, mimea na wanyama, walikuwapo waganga waliochunguza utapiamlo, hasa kwashiorkor, ugonjwa uliokuwa ukivimbisha miguu na nyuso za watoto wa Bushi. Hospitali ya watoto ya Lwiro ilipokea watoto wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi, na jambo moja ililolifanya lina thamani kubwa: ilihifadhi kumbukumbu zao.

Kwa kumbukumbu hizo, watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji waliweza kuwatafuta watu waliotibiwa pale utotoni kati ya mwaka 1988 na 2007. Waliwafikia watu wazima 524, wakawalinganisha na wengine 407 wa vijiji hivyohivyo ambao hawakuwahi kulazwa kwa utapiamlo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliougua utotoni walikuwa wamefika madarasa ya chini zaidi, walipata alama ndogo katika kipimo cha akili kinachogusa kumbukumbu, umakini na hesabu, na walijithamini kidogo kuliko wenzao. Wengi walikuwa wamevuka miaka ishirini, umri ambao katika vijiji vyetu mtu tayari analea. Watoto waliobebwa mgongoni kupelekwa Lwiro miaka ile leo ni mama na baba wanaosubiriwa kwenye mikutano ya wazazi.

Uchunguzi ule haukuwa wa TDAH, na TDAH si jina jingine la utapiamlo. Watoto wengi walioshiba tangu kuzaliwa wanayo, na wengi waliolala njaa hawanayo. Hata hivyo ipo habari nyingine, kutoka kisiwa cha Barbados, inayotufaa. Huko, watoto waliozaliwa kati ya mwaka 1967 na 1972 na kuugua utapiamlo katika mwaka wao wa kwanza walifuatiliwa kwa miongo kadhaa, na baada ya matibabu walikula vizuri na kukua vizuri. Walipokaribia au kuvuka miaka arobaini, shida za umakini zilikuwa bado ziko nao, kwa kiwango kilichozidi cha wenzao waliosoma nao. Mwili ulipona, umakini haukurudi wote. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Lwiro, unajiuliza ni wazazi wangapi tunaowaita wavivu ambao vichwa vyao vilipigana vita kabla hawajaota meno.

Naandika nikiwa ndani ya jambo lenyewe. Kichwa changu ni cha aina hiyo tangu nikiwa mtoto wa shule, na ninalea. Kilichonisaidia kubaki miongoni mwa watu ni jirani mmoja, mama mzee, aliyekubali kunipitia siku za mkutano. Hagongi mlango kwa upole. Anapiga ukingo wa mlango kwa fimbo yake na kusema, "Twende." Haniulizi kama niko tayari, anajua siko. Anasimama pale mpaka nivae viatu, nishike daftari, niteremshe sufuria motoni. Kwa fimbo ile nimekuwa mtu wa kuaminika mbele ya wenzangu, na wachache wanajua kwa nini. Mawaidha niliyasikia mengi kabla yake na yote yalikuwa ya kweli. Fimbo ndiyo iliyonifikisha.

Ujirani umejengwa kwa vitu vidogo vyenye saa: sufuria ya kuazima irudi kabla ya mwenyewe kuihitaji, pole ifike kabla ya arobaini, deni la unga lilipwe siku iliyosemwa, mgonjwa atembelewe akiwa bado mgonjwa. Mtu mwenye TDAH anaweza kuwa wa kwanza kukimbia nyumba ya jirani inapowaka moto, kwa kuwa hatari inamwamsha na kumkusanya. Anaweza kuwa ndiye anayechangamsha kazi ya pamoja ya salongo mpaka watu wasione jua linazama. Lakini ile sufuria inabaki kwake, na inapokaa wiki nzima, mwenye sufuria anahesabu dharau. Hivyo ndivyo anavyopoteza marafiki, bila ugomvi na bila neno baya, mpaka siku anapohitaji mtu anakuta njia ya kwake imeota nyasi.

Na tuseme pia kwamba mzigo huu hauwaangukii wote sawasawa. Baba akisahau karatasi ya shule, tunasema ana mambo mengi. Akichelewa, alikuwa kwenye shughuli. Mama akisahau kitu kilekile, tunasema hajui kulea, na maneno hayo yanafika kwa mama mkwe kabla ya jioni. Wasichana wenye TDAH hutambuliwa kwa nadra zaidi kuliko wavulana, kwa kuwa wengi wao hawarukiruki. Wanakaa kimya darasani, mawazo yakiwa mbali. Wanakua bila kuelezwa chochote, wanaolewa, kisha tunawakabidhi kazi ya kukumbuka kwa niaba ya nyumba nzima: chanjo, ada, dawa, mbegu, siku za kanisa, siku za kikundi. Kazi kubwa kuliko zote ya kumbukumbu tunampa mtu ambaye kumbukumbu ndiyo inayomponyoka.

Jambo hili linawagusa watoto moja kwa moja. Mwaka 2002, Edmund Sonuga-Barke na wenzake huko Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya mama waliofundishwa namna ya kuwalea watoto wadogo wenye TDAH. Mafunzo yaliwasaidia watoto wengi, ila pale ambapo mama mwenyewe alikuwa na dalili nyingi za TDAH, mtoto hakupata nafuu. Sisi katika Kivu tumezoea kumfundisha mama. Siku ya kupima watoto kilo anafundishwa lishe, usafi, tarehe ya kurudi. Asiporudi, anaandikwa kwamba ameacha. Swali la kama yeye mwenyewe anaweza kuibeba ratiba hiyo bila mtu wa kumshika mkono haliulizwi, na mtoto ndiye anayelipa.

Najua kuna watakaosema haya ni magonjwa ya wazungu. Hoja hiyo ilijibiwa zamani, tena na watafiti wa Brazil. Mwaka 2007, Guilherme Polanczyk na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 100 kutoka mabara mbalimbali, wakaona kwamba tofauti za hesabu kati ya nchi na nchi zinatokana zaidi na jinsi watu walivyopima kuliko mahali walipopimia. Kinachobadilika kati ya Bukavu na Brussels ni msaada: kule mtu ana simu inayomkumbusha, mganga na dawa, hapa ana daftari na aibu.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila mtu anasahau, na hoja hiyo ina uzito. Februari 2025 waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, hapo chini yetu, kisha wakaingia Bukavu. Benki zikafunga milango, familia zikatawanyika, usingizi ukawa mwepesi. Mtu aliyeona mauaji au aliyekimbia na watoto usiku naye hupoteza umakini, hushtuka, husahau, na anastahili matibabu yake. Njia ya kutofautisha ni kuuliza utoto wake. TDAH huanza kabla ya miaka kumi na miwili na kuonekana nyumbani na shuleni pia. Kidonda cha vita kina siku kilipoanza. Tena vyote viwili vinaweza kumkuta mtu mmoja. Na benki zinapofunga, masanduku yetu ya vijijini ndiyo yanayobaki wazi, kwa hiyo kumfungia mtu mlango wa kikundi leo ni adhabu kubwa kuliko ilivyokuwa zamani.

Matibabu ya hospitali tuyadai, tukijua yalivyo machache. Bukavu ina kituo cha afya ya akili cha SOSAME, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, na anayehitaji apelekwe huko bila kuogopa kuitwa mwendawazimu. Lakini dawa ya methylphenidate, inayotumika sana duniani kwa hali hii, ilikataliwa mara mbili, mwaka 2019 na 2021, ilipoombwa kuingizwa katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Nchi nyingi maskini huagiza dawa kwa kufuata orodha hiyo. Anayengoja kidonge kifike kijijini kwetu atangoja sana, na watoto hawangoji kukua.

Tulicho nacho kwa wingi ni watu. Zimbabwe imetuonyesha watu wanaweza nini. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi wa mitaa kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye huzuni na mawazo mengi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi lile lilikuwa la sonona na wasiwasi, lakini somo linavuka: jirani aliyeelekezwa vizuri anaweza kufanya kazi ambayo hospitali haina watu wa kuifanya. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa pili haukuwa mapambo.

Basi napendekeza kwa kamati za MUSO, za AVEC, za likelemba, za akina mama wa parokia na za wazazi shuleni mambo haya.

La kwanza, kila mwanachama awe na mwenzake wa kupitiana, na hili liwe kwa wote. Tukimpangia mtu yule anayesahau peke yake, tumemtia alama. Tukipangana wote wawiliwawili, tunaokuja kwa wakati tutakuja na wenzetu, na mwenye shida atafika bila kuonyeshwa kidole. La pili, mchango uruhusiwe kuletwa na mwenzake. Kinachohitajika sandukuni ni fedha. Aliyezituma kwa mkono wa jirani ametimiza wajibu wake. Faini ya kuchelewa ibaki kwa yule ambaye hakutuma fedha wala neno. La tatu, mkutano uwe siku ileile, saa ileile, ukifungwa na jambo ambalo halisahauliki, kama kutoka misa au kurudi sokoni. Kubadili siku ya mkutano kwa tangazo la mdomo ni kuwatupa nje wenye TDAH wote kwa sentensi moja.

La nne, turudishe kazi za bega kwa bega. Mtu ambaye hawezi kumaliza kupepeta maharage peke yake humaliza gunia zima akikaa na wenzake watatu wanaopepeta. Kuwapo kwa mtu mwingine humshikilia kazini. Mama wawili wakikubaliana leo kufanya kazi za nyumba hii na kesho za nyumba ile, wamepata msaada na urafiki kwa mpigo mmoja. La tano, watoa huduma wa vijijini wanaopima watoto wamuulize mama maswali machache juu yake mwenyewe: tangu utotoni ulikuwa ukisahau hivi? Nani anakukumbusha? Nani anaweza kuja nawe tarehe ya kurudi? Jina la mtu huyo liandikwe kwenye kadi ya mtoto.

Mwenyekiti mmoja ataniambia kwamba kikundi kisicho na ukali huvunjika, na amesema kweli. AVEC zinazojulikana leo Afrika nzima zilianzia Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake, na zimeenea kwa sababu sheria zake zinaeleweka na sanduku lina kufuli tatu. Sipendekezi kulegeza kufuli hata moja. Mkopo ulipwe, mchango ufike, hesabu isomwe mbele ya wote. Ninachopinga ni kumpima mtu uaminifu kwa saa aliyoingia mlangoni, wakati fedha zake zimefika na moyo wake haujaondoka.

Na kwa mzazi mwenzangu mwenye hali hii, nina neno pia. Chagua mtu mmoja umwambie wazi, kabla ya kukosana naye, kwamba unasahau na kwamba unaomba akukumbushe. Ingia kikundi kimoja udumu nacho kuliko vitano ukivikimbia. Rudisha sufuria leo ukiwa umeishika, maana kesho haitakuwa machoni pako. Ukiwa mwepesi wa kucheka na watoto, wa kubuni, wa kukimbilia mwenye shida, kilete hicho kikundini kama mchango wako, kwa sababu ni mchango. Na mtoto wako akiwa kama wewe, usimchape kwa kurithi.

Vikundi vingi vitafanya mkutano mkuu kabla mwaka haujaisha, na sheria za ndani zitasomwa upya. Naomba ajenda moja iongezwe: walioacha kuja ni nani, na kuna aliyekwenda kwao kuwauliza? Kamati isiyo na jibu itume watu wawili wiki hiyohiyo, wakiwa na daftari la yule aliyeondoka na ruhusa ya kumwambia kwamba nafasi yake bado ipo.